Mtoto Niliyekataa Ahesabiwe

Njoki wangu,

Sasa hivi nakusikia huko nje ukiruka kamba na watoto wa Mama Ireri, na kila ukiruka unaimba, "Shule imefungwa, shule imefungwa." Naandika mchana huu nikiwa nimekaa mlangoni, kwa sababu kipenga cha jioni kikilia taa haziruhusiwi, na gizani siwezi. Hata mchana wenyewe mkono wangu ni mzito, wewe unajua. Wasimamizi wa kazi ya mtaro, huu tunaouchimba kuzunguka kijiji, nimewaambia nina homa. Ni uongo mdogo. Wiki hii nimesema mwingine mkubwa kuliko huo, na ndio umenikalisha hapa na kalamu.

Barua hii hutaisoma leo. Itapita getini ndani ya kofia ya Mzee Salimu, yule wa Meru mwenye lori la maharagwe, kwa maana askari hupekua magunia yake yote lakini kofia hawamvui. Ataipeleka Muthara kwa mama yako mkubwa, dada yangu, naye ataiweka mpaka siku utakapoweza kuisoma peke yako. Yeye hajui kusoma, kwa hivyo hakuna atakayeionja kabla yako. Nimeandika Kiswahili kwa sababu ni baba yako aliyenifundisha kuandika barua, na barua zake za Nairobi, alipokuwa mpishi huko, zote zilikuwa za Kiswahili. Tangu askari walipomchukua pamoja na wengine katika ule msako wa mji, sijapata nyingine. Lakini mkono wangu bado unafuata wake. Ukiona herufi imeinama upande, ni yeye.

Mambo ya kuoga, kuchana nywele, kuangalia funza kwenye vidole, kuamka mapema kuchota maji, hayo mama mkubwa atakuambia, tena atakuambia sana, namjua. Sitaki kumaliza karatasi kwa hayo.

Nataka kwanza nikuambie siku ya kufunga shule mimi niliionaje, kwa sababu wewe ulikuwa mbele na mimi nilikuwa nyuma na wazazi, na nyuma mambo huonekana tofauti.

Tuliruhusiwa kutoka mtaroni mpaka jua liwe kichwani. Tulikuja na majembe yetu na matope mpaka magotini, tukasimama nyuma ya madarasa kama ng'ombe waliongoja kuogeshwa. Nilikutafuta kwa macho. Nilikuona kwa sababu ya lile gauni nililokushonea kutoka kwa shuka ya baba yako, mistari yake imeenda upande. Mlipoimba, nilijua mdomo wako uko wapi katika zile sauti zote. Sijui kama ni kweli, lakini nilijua.

Mwalimu Nahashoni alipanda juu ya kiti akaanza matangazo ya mwisho wa mwaka. Mvua ikinyesha wakati wa likizo, wazazi waje wachimbe mfereji nyuma ya darasa la kwanza. Kila mtoto arudishe kibao cha kuandikia, na kibao kikiwa kimevunjika mzazi aje pamoja na mtoto. Mtoto asionekane karibu na mtaro, hata kama mpira umeingia huko, kwa sababu mle chini kuna miti iliyochongwa. Shule ikifunguliwa, kila mtoto alete tita la nyasi za kuezekea.

Mama Ireri akapaza sauti kutoka nyuma, "Na paa la kwangu, Mwalimu, nani ataliezeka?"

"Paa lako lina mzee, Mama Ireri."

"Mzee wangu ana upara. Ameshindwa kuezeka kichwa chake mwenyewe!"

Watu walicheka mpaka homugadi, mlinzi wa serikali aliyekuwa kwenye ua, akageuka kutazama kuna nini, na mzee mwenyewe, baba Ireri, akavua kofia akatuonyesha. Ilikuwa siku nyingi sijasikia kicheko cha watu wengi pamoja. Nilicheka pia. Nilikuwa bado nacheka ulipoitwa mbele kuwa wa tatu katika darasa la pili, ukapewa kipande cha sabuni, ukakipokea kwa mikono miwili, ukainama kidogo. Mama mmoja nisiyemjua akauliza, "Huyo ni wa nani, mwenye adabu hivyo?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimezoea kunyamaza wakiuliza hivyo. Mwanangu, nilikuwa nimezoea.

Halafu Mwalimu akashuka kwenye kiti kwa tangazo la mwisho. Alilisema akiwa chini, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba maji. Akasema mwaka ukianza, kila mtoto aje na cheti kutoka kwa hedimani, mkuu wa kijiji, kionyeshe mtoto huyo alihesabiwa katika nyumba gani hapa kijijini. Asiye na cheti hataingia darasani. "Wazazi wangu," akasema, "hilo halikutoka kwangu." Hakunitazama. Alitazama viatu vyake. Yeye alikujua tangu mashambani kabla hatujaletwa hapa, ndiyo maana alikuandika darasa la kwanza bila kuuliza lolote.

Sasa nikuambie kitu kuhusu mimi na matangazo ya shule.

Mimi niliishia darasa la tatu. Watu hufikiri baba yangu alikataa kusomesha msichana, na mimi huwaacha wafikiri hivyo. Si hivyo. Siku kama hiyo ya kufunga, mwalimu wetu alitangaza kwamba mwaka unaofuata hakuna mtoto atakayekuja na ngozi au shuka ya kufunga begani, kila mmoja awe na gauni au kaptula. Nilitembea mpaka nyumbani nikilibeba lile tangazo kama mtungi uliojaa. Nikafika nikamkuta baba ameketi anashona kiatu chake cha mpira kwa mara sijui ya ngapi, nikajisemea, huyu hana. Nikimwambia nitamwaibisha bure. Sikumwambia. Shule ilipofunguliwa nilisema nimechoka kusoma. Akanipiga kidogo, halafu akaniacha. Miaka ikapita, nimeshaolewa, siku moja tukila ndizi kwake nikamwambia ilikuwaje. Aliweka ndizi chini. "Kwa hilo tu?" akasema. "Wanja, nilikuwa na mbuzi. Ningeuza mbuzi." Ndizi ile hakuimaliza.

Nilimhurumia mtu ambaye hakuniomba huruma, nikamnyima nafasi ya kuwa baba. Kwa hivyo tangu siku hiyo sifichi tangazo. Jioni ile ya kufunga shule yenu nilikuambia lote, hata la cheti, ingawa wewe ni mdogo. Labda nilikosea tena upande mwingine. Si rahisi kujua.

Nikupeleke nyuma kidogo, ujue kwa nini hukuhesabiwa.

Kabla yako nilizaa Nyaga. Ndiyo maana watu huniita Mama Nyaga mpaka leo, kwa kifungua mimba wangu, na wageni hawajui kama nina mwingine. Alikuwa mtoto mnene, akicheka anafumba jicho moja. Nilimpeleka kwenye dispensari pamoja na akina mama wengine, tukapangwa kwenye majani, na msaidizi akapita akigusa kila mtoto kichwani kwa penseli, akihesabu kwa sauti. Alipomgusa Nyaga, cucu yako, mama ya baba yako, aliyekuwa amenisindikiza, aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, lakini alikuwa amechelewa. Wewe umekua ukisikia hilo: kwetu mtu hahesabu watoto, hahesabu mbuzi. Babu yako alijua mbuzi wake kwa rangi na kwa ukorofi wao, na ukimuuliza ni wangapi alisema, "Wapo." Cucu akiulizwa ana wajukuu wangapi alikuwa akijibu, "Wa kutosha kunichosha." Kitu ukikinyooshea kidole ukakipa hesabu, umekionyesha kwa yule anayekuja kuchukua.

Surua ilikuja mwezi huo. Iliingia karibu kila nyumba, na watoto waliohesabiwa na wasiohesabiwa walikufa, na Nyaga wangu naye. Sasa naweza kuandika hivyo. Wakati ule sikuona nyumba za wengine. Niliona penseli tu.

Wewe ulikuja baadaye, tukakuita Njoki, aliyerudi. Cucu alikupokea akakutemea mate ya baraka kifuani, akaniambia, "Huyu hakuna atakayemnyooshea kidole."

Serikali ilipotuleta kijijini, nyumba zetu za huko juu zikiwa zimechomwa, migomba imekatwa, tulikuwa hatujamaliza hata kukandika kuta wakati waliposema siku fulani watu wote wakae nje ya milango yao wahesabiwe. Karani alikuja na ndoo ya chokaa. Kwa kila mtu alichora mstari mmoja mlangoni. Asubuhi hiyo cucu alinijia kabla ya jua. Hakuniomba, wala sikumkatalia. Tulikutia ndani ya kile kikapu chake kikubwa cha mtama, tukakupa kiazi kitamu cha kuchoma ili mdomo uwe na kazi, na cucu akakaa mlangoni pake ameegemea mwimo, amenyoosha miguu. Karani alipomfikia, akamwambia, "Mimi nihesabu tu, mwanangu, nimeshaliwa na miaka." Akachorewa mstari wake. Kwangu karani akauliza, "Wangapi hapa?" Nikasema, "Unaniona." Akachora mmoja.

Ulitoka kwenye kikapu na makapi ya mtama kichwani, ukilia kwamba kiazi kimekwisha. Tulicheka, mimi na cucu, kama watu walioiba ng'ombe wakafika salama. Tulikushangilia. Cucu alikufa msimu wa baridi uliofuata akiamini amekuokoa, na mimi nilimzika nikiamini hivyo hivyo. Usimwone mjinga ukisikia wenye kusoma wakicheka mambo hayo. Alikupenda kwa njia aliyokuwa nayo. Kosa ni langu, maana nilikuwa nimemsikia Mwalimu Nahashoni mara nyingi akisema hapa kijijini mtu ni ule mstari wa mlangoni, na miezi ikapita, na unga ukagawanywa kwa mistari, tukala wa mtu mmoja watu wawili, na bado nikajiambia, wacha, afadhali njaa kidogo kuliko kidole. Nilifikiri asiyehesabiwa hawezi kupotea. Kumbe akipotea hakuna atakayeuliza, kwa sababu hakuwepo.

Siku ile ya tangazo, jioni, nilitoka kupepeta maharagwe nikakukuta umesimama mlangoni. Ulikuwa na kipande cha chaki, sijui ulikiokota wapi. Umechora mstari wako karibu na wangu, mfupi, umeinama kidogo. Nikauona kabla sijafikiri chochote, nikalowesha kiganja kwa mate nikaufuta haraka, maana homugadi walikuwa wanapita mwisho wa safu. Uliangalia mkono wangu. Ukaniuliza, "Mbona unanifuta?"

Nilisema ingia ndani.

Ni swali hilo lililonipeleka kwa hedimani asubuhi yake. Nilijiambia, mtu akisema ukweli mapema husamehewa nusu. Nilikuogesha kwa ile sabuni uliyopewa shuleni, tukaenda tumeshikana mikono. Hedimani huyu si wa kwetu, aliletwa kutoka upande wa chini, mtu asiyetujua, nami nilifikiri hiyo ni bahati, kwamba mgeni hatakuwa na kisasi. Karani wake alikuwa kijana mwembamba mwenye kikohozi.

"Mama Nyaga," akasema hedimani, "mlango wako una mstari mmoja. Huyu ni nani?"

"Ni mtoto, mzee."

"Naona ni mtoto. Sikuuliza kama ni mbuzi." Wanaume waliokaa ukutani wakacheka. "Mtoto wa nani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimelipanga lile neno njia nzima. Lakini yeye akaendelea, wala hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniogopesha, alizungumza kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Akasema katika kijiji cha pili mama mmoja alikutwa akilisha mtoto ambaye hayumo katika hesabu. Kumbe ni wa mtu wa msituni, wa wale wanaopigana na serikali. Nyumba ikabomolewa, mama yuko jela, na mtoto alipandishwa gari. "Walimpeleka wapi?" akauliza karani, na hedimani akasema, "Mimi nitajuaje?" Halafu akanigeukia. "Sasa wewe chagua maneno yako. Ukiniambia ni wako, ulidanganya serikali siku ya hesabu, na nitauliza ulimficha kwa sababu gani na baba yake ni nani. Ukiniambia si wako, niambie ni wa nani, arudi kwao."

Yule karani akakohoa. Alikohoa akinitazama, na kichwa chake kikatikisika kidogo sana, hapana, hapana. Mpaka leo sijui kama alikuwa akinisaidia au ni kikohozi. Nilikuwa nimeshika mkono wako. Niliuachia. Nikasema, "Si wangu. Ni wa dada yangu wa Muthara. Alikuja kutembea, njia zikafungwa."

"Ameingia shule bila cheti?"

"Alikuwa akikaa bure, mzee. Mwalimu alimhurumia."

Hedimani akakuinamia. "Kweli, msichana? Huyu si mama yako?"

Mwanangu, hatukuwa tumezungumza lolote. Ningeweza kukufinya, na sikukufinya. Uliniangalia usoni kama unavyoangalia maji ya mto kabla ya kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, halafu ukamwambia, "Ni mama mdogo."

Hedimani akasema, "Mtoto ana akili," akaagiza uandikiwe pasi ya kurudi kwa wazazi wako.

Tulirudi njia ile ile. Nilijaribu kushika mkono wako tena ukanipa, lakini ulikuwa mkono tu. Nilifikiri tukifika ndani tutafunga mlango, nitakuambia, na utalia, na mimi nitalia, tutaimaliza. Nikawasha moto. Nikaweka chungu. Na wewe ukasema kutoka kwenye kona yako, "Mama mdogo, chumvi iko wapi?"

Niligeuka nikakuambia, "Njoki, hapa tuko peke yetu."

Ukaonyesha ukuta kwa kidevu. "Mama Ireri anasikia," ukasema kwa sauti ndogo. Ulisema kweli. Kuta zetu ni matope na fito, na ingawa Mama Ireri ni mtu wetu na anajua ulizaliwa na nani, mtu akiulizwa vibaya husema hata asilotaka. Nilikuonyesha chumvi. Tangu jioni hiyo hujaniita vingine. Hata usiku ukiota. Majirani wanaojua wananiangalia wanageuza macho. Mama Ireri alikuja jana na ndizi mbivu za safari yako, akasema mlangoni kwa sauti ya watu wote, "Hizi ni za mgeni," halafu akaingia ndani akanishika mabega, akaninong'oneza, "Lia sasa, nitaimba." Akasimama hapo akapepeta maharagwe yangu akiimba kwa nguvu, na mimi nikalia chini ya wimbo wake. Mtu wa namna hiyo ukimpata Muthara, mshike.

Mwalimu Nahashoni ananiambia shule ya huko haiulizi namba ya mlango. Wanauliza jina na kama mtoto anajua kusoma. Unajua. Basi utaingia darasa la tatu, pale mimi niliposimama, na mwaka ukiisha wewe utapita. Nikifikiria hilo kifua kinafunguka. Huko hakuna mtaro mbele ya nyumba, na watu hulala wanapotaka. Kimeru chao ni kama Kiembu kilichotembea mbali kikabadilika kidogo njiani, utakisikia nusu, nusu watakucheka. Cheka nao. Mzee Salimu anasema mkewe mwenyewe alikuja Meru bila neno hata moja, na sasa anagombana na soko zima.

Kitu kingine, na hiki nimekizungukia tangu nianze kuandika. Dada yangu hakujaliwa mtoto. Alikwenda kwa waganga, alikwenda hospitalini, mumewe akachoka kungoja akaoa mwingine. Alipopata habari kwamba unakuja, alituma neno kwa Mzee Salimu kwamba ameshatandika kitanda. Kitanda, Njoki, cha kwako peke yako, chenye miguu. Atakupenda. Huko kila mtu ataambiwa wewe ni wake, na itabidi umwite mama mbele ya watu. Mwanzoni utakuwa ukitaja tu. Halafu siku moja utaumia goti, au utaota vibaya, utamwita bila kukumbuka kwamba ulifundishwa. Siku hiyo ikifika usijione umekosa. Mwite. Yeye amengoja sana, na wewe ni mtoto, mtoto anaita aliye karibu.

Nimeandika hapo nikasimama, nikaenda kukutazama uani, nikarudi.

Wanasema mambo yataisha. Ng'ambo ya mto watu wameanza kuruhusiwa kushinda mashambani mpaka jioni, na Mama Ireri, ambaye husikia kila kitu, ameambiwa mtaro huu wenyewe utafukiwa na sisi tuliouchimba. Nitaufukia kwa furaha, hata peke yangu. Baba yako akirudi tutapanda ile miche ya kahawa aliyokuwa akiitaja kwenye barua, kule juu ya Kianjokoma, kama shamba litakuwa letu bado. Na siku ya kwanza ya kutembea bila pasi, nitakuja Muthara. Sitatuma neno. Nitakuja siku ya soko, watu wakiwa wamejaa, nisimame katikati nikuite Njoki wangu kwa sauti yangu yote, na atakayeuliza wewe ni wa nani nitamjibu mpaka achoke. Nimeamua hivyo, na mimi nikiamua jambo unanijua.

Labda utakuwa mkubwa wakati huo. Labda utaona haya, mwanamke wa matope akipiga kelele sokoni. Nitapiga tu.

Sasa kesho. Utakaposoma haya itakuwa imeshapita na utakuwa unaijua kuliko mimi, lakini acha niiandike kama ninavyoiona kutoka hapa mlangoni. Lori litasimama getini. Askari atachukua pasi yako, atakusoma wewe na karatasi, wewe na karatasi. Mzee Salimu atafanya mzaha wake ili wasiharakishe kufikiri. Mimi nitasimama mbali kidogo, kama mtu anayesindikiza mgeni, na jembe begani, kwa sababu baada ya hapo naenda mtaroni. Sitakushika zaidi ya mkono. Nitakuambia kwa sauti, "Msalimie mama yako." Na wewe utaniitikia, "Nitamsalimia, mama mdogo."

Asubuhi hii tulilijaribu neno hilo mimi na wewe, kando ya moto, na ulilisema vizuri, bila kusita, ukaendelea kula uji. Ndipo nilipojua kwamba kuna kitu ndani yangu kinachotaka ukosee. Nakuambia kweli, kwa maana karatasi hii ndiyo mahali pekee pa kusemea. Kinataka ufike kwenye ngazi ya lori, ugeuke, uite lile neno lingine mbele ya askari na hedimani na kijiji chote. Ukiliita, nitaangamia nikiwa na furaha, na wewe utapandishwa gari lingine ambalo hakuna anayejua liendako.

Kwa hivyo usikosee. Panda, kaa upande wa dereva, tazama mbele. Niite mama mdogo, kwa sauti, wote wasikie.

Hapa chini naandika mimi ni nani, kwa sababu kesho sitasema.

Mama yako,
Wanja